Samaki Kumi na Mmoja wa Tangi la Rais

Jamhuri ya Kwetupema haina bahari, wala haijawahi kuwa nayo, na kwa hiyo hakuna raia aliyeshangaa Mtukufu Rais Tandawala alipotangaza redioni kwamba anataka papa. Watu wa Kwetupema walikwisha kuzoea. Mwaka uliotangulia alitaka theluji, na wizara husika ikajitahidi.

Mambo yalianzia kwa jirani. Rais alikuwa amekwenda ziara katika nchi ya upande wa mashariki, akaandaliwa chakula cha mchana sebuleni kwa mwenyeji wake. Ukuta mmoja wa sebule ile ulikuwa kioo kitupu, nyuma ya kioo maji, na ndani ya maji samaki wakubwa kwa wadogo wakipishana kwa adabu kama watu wanaotoka msikitini. Rais hakula vizuri siku ile. Waliokuwapo wanasema alimega ugali mara mbili tu. Ndani ya ndege ya kurudi aliwaambia wasaidizi wake, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba yeye ana mawaziri ambao hawawezi kukaa chumba kimoja saa mbili bila kusutana, na mwenzake ana samaki ambao hawasutani mwaka mzima.

"Nataka tangi kubwa kuliko la yule bwana," alisema. "Nataka papa ndani yake. Na nataka wapatane."

Tangi likajengwa nyumbani kwa Rais. Ukuta wa sebule ulivunjwa, chumba cha kulia kikamezwa, na jiko likahamishiwa uani. Kulijaza kulichukua siku tisa, na kwa siku hizo tisa kata saba za mji mkuu hazikuona tone bombani. Msemaji wa serikali aliwaondolea wananchi wasiwasi: maji yao hayajapotea, yamekwenda kulitumikia taifa. Kisha yakatiwa chumvi malori kumi na mbili, ili samaki wajihisi wako kwao, na yule msemaji akatangaza tena kwamba yeyote atakayeona kitoweo chake hakijakolea avumilie.

*

Katika nchi nzima alikuwapo mtu mmoja tu aliyewahi kumlisha papa kwa mkono wake, naye ni Bi Mwanahija Kitwana, Afisa Samaki Daraja la Pili. Ujanani alipelekwa kusoma katika nchi moja ya pwani, akafanya kazi miaka mitatu kwenye jumba la maonyesho ya samaki. Aliporudi na ujuzi wake wote, serikali ilimkabidhi mabwawa mawili ya perege, na huko ndiko alikokaa miaka ishirini na tisa. Sasa alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Yeye na mumewe, Mzee Hizza, walikwisha kuezeka nyumba yao ndogo huko kwao Mtiririko, na kuku walikwisha kutangulia.

Barua ya Ikulu ilimkuta akisuka ukili. Mumewe ndiye aliyeisoma, maana miwani ya Bi Mwanahija ilikuwa imeazimwa na jirani.

"Mama Semeni, umeteuliwa," Mzee Hizza akasema. "Utawachagua papa na samaki wakubwa watakaoishi pamoja bila kudhuriana. Tena mwishoni utasaini Hati ya Maelewano, kuthibitisha kwamba wanapatana."

"Na wasipopatana?"

Mzee Hizza akageuza karatasi. "Nyuma wameandika Kituo cha Utafiti cha Ng'andu."

Bi Mwanahija akaweka ukili chini. Kila mtumishi wa Idara ya Samaki alikijua kituo cha Ng'andu. Kiko jangwani, ukingoni mwa mto uliokauka kabla hata mkoloni hajafika. Mtangulizi wake, Bwana Chondoma, alipelekwa huko kuhesabu samaki, kwa kosa la kupiga chafya wakati wa wimbo wa taifa. Kila miezi mitatu huleta taarifa yenye mstari mmoja: Hakuna mabadiliko. Nako Ng'andu mtu hastaafu, kwa sababu gari la kupeleka barua za kustaafu haliwezi kupita mchangani.

"Miezi saba, baba Semeni," alisema. "Miezi saba tu imebaki."

"Basi wewe wachague wapole," mumewe akasema. "Kazi yenyewe si hiyo?"

Na kweli, ukiisikia hivyo, ni kazi nyepesi.

*

Kamati ya Utangamano wa Samaki ilikuwa na wajumbe ishirini na sita, na mwenyekiti wake alikuwa Waziri wa Utangamano, Mheshimiwa Pantaleo Mkwanda, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Bi Mwanahija alisimama mbele yao na karatasi moja. Alipendekeza samaki wanne: papa mdogo wa aina inayolala chini mchangani, taa mmoja, yule samaki bapa, na pono wawili wa kutafuna matumbawe na kutia rangi.

"Waheshimiwa, wataalamu wana maneno mengi," alieleza, "lakini sheria ni moja. Samaki hana adui wala rafiki. Kinachoenea mdomoni mwake ni chakula, kisichoenea ni jirani. Kwa hiyo tunapima midomo, tunapima viuno, tunaangalia nani anakaa juu na nani anakaa chini, basi. Na wanaoingia kwanza ni wanyonge, wapate kujua mapango yao. Mwenye nguvu anaingia mwisho, ajione mgeni."

Wajumbe walimsikiliza kwa heshima kubwa, kisha wakaanza kazi yao.

"Bi Mwanahija," Waziri Mkwanda alisema, "tunakushukuru kwa hotuba. Lakini umetuletea samaki wanne, na nchi hii ina mikoa tisa. Hiyo mikoa mitano mingine niiambie nini? Kwamba haina samaki anayefaa?"

Ukumbi ukanguruma. Mjumbe wa Magharibi alisimama akasema mkoa wake umedharauliwa tangu uhuru, na kwamba safari hii hawatakubali kuwa bila samaki. Mjumbe wa Kaskazini akasema wao wanataka mzia, kwa sababu mzia ana sura ya kijeshi. Ikaamuliwa kwamba kila mkoa utateua samaki wake na kumwagiza kutoka pwani, na juu ya hao tisa kutakuwa na viti maalumu viwili kwa ajili ya samaki majike. Viti hivyo wakapewa pono wa Bi Mwanahija.

Hapo Bi Mwanahija, ambaye uongo ulikuwa unamwasha mwilini, akanyoosha mkono kueleza kwamba pono huzaliwa jike na baadaye anaweza kugeuka dume.

"Katikati ya muhula?" Waziri akauliza.

"Wakati wowote, Mheshimiwa."

Waziri alifikiri sana. "Ataomba ruhusa kwa maandishi," akasema, na katibu akaandika.

*

Usaili ulifanyika Jumatatu. Wateule waliletwa ndani ya mapipa ya plastiki, kila mmoja na cheti cha tabia njema kutoka polisi ya mkoa wake, na mbele ya kila pipa mwenyekiti aliuliza swali lile lile: "Je, una nia gani na tangi hili?" Samaki akifumbua mdomo na kuufumba, katibu aliandika: Mteule alijibu kwa kirefu.

Mkoa wa Kilimani, anakotoka Rais, ulileta papa. Alikuwa papa kijana, urefu wa mkono na nusu, ncha za mapezi nyeusi, mwenye haraka. Wajumbe wote walisimama kumpigia makofi kabla hajaulizwa chochote. Mkoa wa Bondeni, anakotoka Makamu wa Rais, ulileta chewa.

Yule chewa hakuwa kwenye pipa. Alikuwa kwenye bafu la kuogea, maana pipa lilikuwa limemshinda. Alikuwa wa rangi ya matope, macho ya usingizi, midomo mizito. Alipoulizwa nia yake hakufumbua mdomo hata kidogo. Alitulia, akamtazama mwenyekiti kwa unyenyekevu.

"Msikivu," Waziri Mkwanda akasema, na sauti yake ikalainika. "Huyu ndiye mfano."

Bi Mwanahija aliinama juu ya bafu, akarudi nyuma hatua mbili. "Waheshimiwa, huyu hapana," alisema. "Huyu bado anakua. Ataufikia urefu wa mlango. Akifumbua huo mdomo maji yote yanakwenda kwake, na kilichomo ndani ya maji kinafuata. Nawasihi. Wengine wote tunaweza kuwapangapanga, lakini huyu hapana."

Wajumbe walicheka vizuri, bila ubaya. Mmoja akamuuliza kama amewaona papa na mzia walivyo na meno. Chewa ana nini? Bi Mwanahija alisema hilo ndilo linalomtisha. Wakacheka zaidi. Kwenye kiti cha pembeni, Makamu wa Rais mwenyewe, Mzee Ngwali, alikuwa amekaa kimya mikono ikiwa juu ya tumbo, akitabasamu. Mzee Ngwali alikuwa Makamu kwa miaka kumi na minne. Kwa muda wote huo hakuwahi kumpinga mtu, na mawaziri walimpenda kwa sababu mtu akikaa naye husahau kwamba yupo.

"Mama asiogope," Mzee Ngwali alisema polepole. "Samaki wa kwetu ni mtaratibu."

Likabaki suala la mpangilio wa kuingia, na hapo Bi Mwanahija alikuwa bado na tumaini kidogo. Tumaini hilo lilizimwa na Kanali Kidundo, Mkuu wa Itifaki.

"Wanyonge waingie kwanza?" Kanali aliuliza, masharubu yakimtetemeka. "Mama, unataka papa wa mkoa wa Mheshimiwa Rais asimame mlangoni wakati changu yuko ndani anastarehe? Katika nchi hii mkubwa hutangulia. Ataingia papa wa Rais, atafuata chewa wa Makamu, siku hiyo hiyo. Hao wengine wataingia mmoja mmoja, kila Ijumaa, kwa bendi."

"Kila Ijumaa mmoja?"

"Kwa bendi," Kanali akasisitiza.

*

Ndivyo ilivyokuwa. Papa na chewa waliingia Ijumaa ya kwanza, chewa akachagua pango kubwa karibu na mlango wa tangi, akajiegemeza. Ijumaa ya pili bendi ya polisi ilipanga mistari sebuleni, tarumbeta zikalia, na changu wa Magharibi akateremshwa majini huku mkuu wa mkoa wake akifuta machozi ya fahari. Jumamosi asubuhi Bi Mwanahija alihesabu samaki mara tatu. Walikuwa wawili.

Alikwenda mbio kwa Waziri.

"Changu yupo," Waziri akasema, bila kuinua uso kwenye mandazi yake.

"Mheshimiwa, hayupo. Nimepiga magoti nimechungulia mpaka chini ya mawe."

"Yupo, Bi Mwanahija. Amesaini."

Waziri akamsogezea daftari la mahudhurio. Kila mkoa, ili usionewe, ulikuwa umepewa, sawa na kila kiti maalumu, Mwakilishi wa Samaki, mwenye ofisi na gari na dereva, na kazi ya Mwakilishi ilikuwa kusaini kila asubuhi kwa niaba ya samaki wake, kwa kuwa samaki hana mkono. Mwakilishi wa Changu alikuwa amesaini saa moja na dakika tano, mwandiko mzuri kabisa. Bi Mwanahija aliutazama ule mwandiko, akalifunga daftari. Mkoa usio na samaki usingekuwa na Mwakilishi, na Mwakilishi alikuwa na watoto sita shuleni.

Ijumaa iliyofuata bendi ilipiga tena, akaingia kolekole. Ijumaa ya pili yake akaingia mkunga. Chewa naye hakuwa mjinga. Kufikia Ijumaa ya tano alikuwa amejifunza: tarumbeta ya kwanza ikilia tu, anatoka pangoni mwake taratibu, anakuja kukaa chini ya mlango, anangoja. Wapiga bendi walifurahi sana. Walisema katika maisha yao yote hawajapata msikilizaji mwenye masikio kama yule.

Mzia mwenye sura ya kijeshi alidumu siku mbili. Wale pono wawili walilala fofofo, kila mmoja usiku wake wa kwanza, kama ilivyo kawaida ya pono, na hawakupata nafasi ya kugeuka chochote. Bi Mwanahija alikuwa amewachagua yeye mwenyewe, akawalilia. Alilia kweli, huku ameegemea kioo, na walinzi wakadhani ameguswa na uzuri wa tangi. Kila Jumamosi alipeleka taarifa, na kila Jumamosi alionyeshwa daftari.

Kisha ikafika zamu ya papa. Kufikia hapo chewa alikuwa amenenepa, na papa kijana, aliyezoea kukimbia huku na huku akijionyesha, alipita mbele ya pango karibu zaidi ya ilivyofaa. Bi Mwanahija aliona kwa macho yake. Maji yalivuta mara moja, yakatulia. Siku nzima mkia wa papa ulibaki nje ya mdomo wa chewa, mweusi nchani, ukipunga. Kanali Kidundo alikuja, akautazama.

"Wanashauriana," akasema hatimaye. "Kwa karibu."

Naye akaenda kusaini daftari kwa niaba ya papa, kwa herufi kubwa.

"Na Mheshimiwa Rais?" Bi Mwanahija akamuuliza. "Kila asubuhi anakunywa chai mbele ya kioo hiki. Haoni?"

"Mheshimiwa ameelezwa kwamba samaki wengi wako kwenye vikao, nyuma ya mawe," Kanali akasema. Kisha akashusha sauti. "Mama, sherehe ni Alhamisi. Yule Rais wa jirani anakuja kuona. Wewe utasaini hati mbele yao. Usituharibie."

*

Jumatano Bi Mwanahija hakwenda kazini. Alikaa uani akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Mama Semeni," Mzee Hizza alisema, akikaa karibu naye, "saini tu, twende zetu. Nani atakayekuja Mtiririko kukuuliza habari za samaki?"

"Nimesaini perege wa serikali miaka ishirini na tisa," Bi Mwanahija akasema. "Wakiwa mia mbili na kumi, naandika mia mbili na kumi. Akifa mmoja naandika mia mbili na tisa. Watu walinicheka, wakasema perege wa bwawani nani anawajali. Sasa leo nisaini kumi na mmoja nami nimewaona mmoja baada ya mwingine wakiingia kinywani?"

"Nisipokupata wewe huko Mtiririko, hao kuku nitawafanyia nini?"

Hakulisema kwa kumlaumu. Ndiyo maana lilimchoma zaidi. Bi Mwanahija aliogopa sana siku ile. Aliogopa mchanga wa Ng'andu, aliogopa kumwacha mzee wake ale peke yake kila jioni, na akamwambia hivyo. Mzee Hizza akachukua ungo kutoka mikononi mwake, akaendelea kuchambua yeye.

*

Alhamisi saa nne asubuhi sebule ya Rais ilijaa. Mawaziri walikaa mistari miwili, Wawakilishi wote kumi na mmoja walikaa nyuma na beji za samaki wao kifuani, na mbele kabisa walikaa marais wawili kwenye viti vyekundu. Mzee Ngwali alikaa kando yao, mikono juu ya tumbo. Pazia likavutwa.

Ndani ya bahari ile ndogo iliyomulikwa taa pande zote alikuwamo chewa. Alikuwa mkubwa kama mlango, kama Bi Mwanahija alivyosema. Alisimama majini katikati ya tangi, akawatazama wageni kwa unyenyekevu.

Rais wa jirani alikohoa. "Na wengine wako wapi, ndugu yangu?"

"Wako kikaoni, Mtukufu," Waziri Mkwanda akawahi kujibu.

"Na huyu?"

"Huyu ndiye mwenyekiti."

Rais wa jirani alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Rais Tandawala naye alitikisa kichwa, lakini alitazama tangi kwa muda mrefu zaidi. Kisha akatoa ishara, na Kanali Kidundo akamletea Bi Mwanahija kimeza, kalamu ya dhahabu na Hati ya Maelewano yenye mhuri mwekundu.

Bi Mwanahija aliisoma hati kwa makini, kwa kuwa safari hii alikuwa na miwani yake. Iliandikwa: Mimi, mtaalamu wa taifa, nathibitisha kwamba ndani ya tangi hili mna samaki kumi na mmoja, na kwamba hakuna ugomvi wowote. Akawaza Mtiririko. Akawaza wale pono. Kisha akainama, akapiga mstari juu ya yale maneno "kumi na mmoja", juu yake akaandika "mmoja" kwa mwandiko wake wa kila siku, akasaini, akaweka tarehe. Baada ya hapo ilikuwa hati ya kweli kabisa, kwa sababu ugomvi haukuwapo.

Rais alipokea hati ili aisome kwa sauti, kama ratiba ilivyotaka. Alisoma vizuri hadi alipofika penye mstari, akasimama.

"Mmoja?" akasema.

Mawaziri wote walitazama dari. Ilikuwa dari nzuri.

"Ndiyo, Mheshimiwa Rais," Bi Mwanahija akajibu. Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilitoka.

"Na papa wangu?"

"Yumo, Mheshimiwa. Ila yumo ndani ya chewa."

Rais akageuka polepole. "Na changu? Na mzia? Na wale majike wawili?"

"Nao wamo humo humo, Mheshimiwa. Wote wamo."

"Ndiyo maana tulisaini, Mheshimiwa!" Kanali Kidundo akaropoka kwa sauti ya mtu aliyeokoka. "Wamo! Daftari halikosei!" Wawakilishi kumi na mmoja wakaitikia kwa pamoja kwamba wamo, na wengine wakaanza kupiga makofi, wakaacha walipoona wako peke yao.

Waziri Mkwanda alikwisha kusimama. "Mheshimiwa, huyu mama ndiye mtaalamu. Dhamana ni yake. Napendekeza kituo cha Ng'andu, leo hii, gari lipo nje."

Bi Mwanahija alishika ukingo wa kimeza. Lakini Rais hakuwa anamsikiliza Waziri. Alikuwa anamtazama chewa, na chewa anamtazama yeye.

"Mama," Rais akasema. "Niambie. Huyu alianza lini?"

"Ijumaa ya pili tu, Mheshimiwa."

"Na dalili zake ni zipi? Kabla hajameza, anafanya nini? Anazungukazunguka? Anatoa meno?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mwenye kuzungukazunguka alikuwa papa. Huyu hana dalili." Bi Mwanahija alikuwa amekwisha kusema kweli, akaona hakuna haja ya kuacha njiani. "Anatulia tu. Anafunga mdomo wake, anakaa pembeni, anaonekana anakubaliana na kila kitu. Mtu anamsahau. Wengine wote wanamwangalia mwenye meno. Yeye anakua."

Rais aliinamisha kichwa kidogo. "Huyu chewa," akauliza, "ni wa mkoa gani?"

Vichwa vya mawaziri wote viligeuka pamoja kuelekea kiti cha kando. Mzee Ngwali alikuwa ametulia. Alikuwa anatabasamu, mdomo umefungwa, mikono juu ya tumbo. Alipoona macho yale yote, akaondoa mikono tumboni kwa haraka, asijue aiweke wapi. Akaiweka magotini. Akaiweka kichwani. Akakohoa, akacheka bila sababu, akavua kofia na kuivaa tena.

"Joto," akasema, akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Huyu mama," Rais alisema, "asiende Ng'andu. Aende kwao. Leo. Anaona mno, na mimi sitaki mtu anayeona namna hii akae karibu na baraza langu akaanza kuwaeleza wengine." Akasimama, akaisogeza mwenyewe, kwa mikono yake, meza yake ya chai, mpaka ikawa mahali ambapo mtu akiketi anaona kioo na viti vya mawaziri vyote kwa pamoja.

*

Chewa hakuondolewa, maana hakuna aliyejitolea kumtoa. Hadi leo Wawakilishi kumi na mmoja wanasaini kila asubuhi.

Bi Mwanahija anaishi Mtiririko. Kuku ni ishirini na nane, na ameandika ishirini na nane. Jirani yao ana televisheni, na sikukuu ya uhuru ilipofika, yeye na Mzee Hizza walikwenda kutazama sherehe za taifa. Rais alikuwa anahutubia, na nyuma yake baraza zima limepangwa mistari. Makamu wa Rais alikuwa anatikisa mguu mmoja, kisha mwingine, kisha anajikuna shingo, kisha anampungia mkono mtu asiyeonekana. Waziri wa Fedha alikuwa anajigeuzageuza kitini. Waziri Mkwanda alikuwa anapiga miayo bandia, anajinyoosha, anafungua na kufunga kifungo cha koti. Mstari mzima ulikuwa unatikisika, na picha ikatikisika nao.

"Mama Semeni," Mzee Hizza akauliza, akisogea karibu na kioo cha televisheni, "hawa wamekalia siafu?"

"Hapana, baba Semeni. Kila mmoja anaogopa kuonekana ametulia."

Pale kwenye jukwaa Rais alifika mwisho wa hotuba yake. Akainua mkono, akawaasa wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba nchi inapitia kipindi kigumu na jambo muhimu kuliko yote ni utulivu. "Tulieni," akasema, na akageuka kuwatazama mawaziri wake.

Hakuna hata mmoja aliyethubutu.